Mwezi Uliokosa Mlio

Rumonge, 14 Januari 1962

Asmani mwanangu,

Amahoro. Barua yako ilifika Ijumaa mkononi mwa dereva wa kamyo ya samaki wa ndagala, na kabla ya magharibi mutaa mzima ulikuwa umeisikia. Sikuificha, ningeifichia nini? Mutoto aliyekulia ndani ya moshi wa mawese, leo anasimama mbele ya watu wazima pale Usumbura, kambi ya polisi, kuwafundisha bastola ikikwama wafanye nini. Niambie iko mama gani mwingine hapa Rumonge mwenye mutoto kama huyo. Nimewauliza wenyewe, wamenyamaza.

Sijaelewa yote uliyoandika, lakini kukwama nakujua. Kinu changu cha mawese kikikwama, mwingine atakipiga teke, mwingine ataita fundi. Mimi natia mkono mahali panapostahili, kinazunguka. Basi, akili hiyo hukuiokota barabarani. Umeirithi, na si kwa baba yako, Mungu amrehemu.

Batuli alikuwa hapa barua ilipofika. Alikuja, kama kawaida yake, nimwandikie mwanawe Amuri, mwenzako wa kambini, maana yeye kalamu haijui, na mimi miaka yangu mitatu ya shule nimeifanyia kazi kuliko wengine walioketi kumi. Nikamsomea yako kwanza. Nilipofika pale unaposema wewe na Amuri ndio wepesi kuliko wote, akatabasamu, akasema basi wako sawa. Sawa wapi? Nikamkumbusha kwamba tulizaa mwezi mmoja, mimi na yeye, na wewe ulitembea kabla meno hayajajaa, wakati Amuri wake alikuwa bado anasota kwa matako kama bata aliyelemewa na mayai. Watu walicheka. Batuli pia alicheka, ni mutu wa ucheshi. Mpe Amuri salamu zangu, na umwambie bado anasota, wewe uko mbele.

Sasa jambo lenyewe. Ramadhani inakuja. Unajua kwetu mwezi wa Idi hautangazwi kwa mdomo. Ukionekana ufukweni, juu ya milima ya Kongo, gobori la baba yako lilikuwa linalia mara moja, na watu wa juu kwenye michikichi wanajua kesho hakuna kufunga. Gobori serikali ililichukua wakati wa uchaguzi, na mwaka huu watu wanaulizana mwezi utatangazwa na nini. Nimewaambia waache kuulizana. Mwanangu atakuja na bastola.

Mama yako,
Mwasiti binti Radjabu, mama wa mwalimu wa bastola


Usumbura, 28 Januari 1962

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na chakula cha hapa hakijanishinda.

Barua yako niliianza kitandani, wenzangu wakaninyang'anya, ikasomwa kwa sauti bwenini. Husema barua za mama yangu ni tamu kuliko redio. Walipofika pale pa kusota, vitanda vilitikisika. Tangu siku hiyo Amuri wanamwita Bata. Yeye mwenyewe alicheka. Baadaye alikuja kuazima kwangu zile risasi za mti nilizochonga, akaenda nazo nyuma ya ghala peke yake.

Ulisema hukuelewa yote, basi tunafanya hivi. Bastola inajazwa risasi za mti, na mwenzako anaitega ikwame kwa namna asiyokuambia. Ikikwama, kidole kinatoka kwenye kifyatulio, mdomo wa bastola unabaki umeelekea tuta la mchanga, hata kama nzi ameingia jichoni mwako. Unapiga kitako cha kasha la risasi kwa kiganja, unavuta chuma cha juu nyuma kwa nguvu, unakiachia, unaangalia, unaendelea. Mara nyingine ganda tupu linabanwa mlangoni, limesimama kama bomba la jiko. Mara nyingine risasi mbili zinagombea tundu moja, na hapo kasha lazima litoke kwanza. Hayo tunayafanya mbio, tena na tena, mpaka mikono inaacha kukiuliza kichwa.

Kwa risasi za kweli ni jambo jingine. Ukifyatua ikanyamaza, huenda imekufa, na huenda imechelewa tu. Iko risasi inayopigwa ikafikiri kwanza. Ukiifungulia mlango kabla haijamaliza kufikiri, inapasukia mkononi mwako. Vitani hungoji, maana adui naye hangoji. Lakini uwanjani adui hayupo, tunamkimbia nani? Kwa hiyo wanafunzi wangu Waislamu nimewaambia waache bastola ielekee mchangani, wasome Alhamdu nzima bila kuikimbiza, ndipo wafungue. Wakristo wanasoma Baba Yetu. Komanda anaona nawapotezea wakati. Yeye ana saa, na mwezi ujao amepanga mashindano ya risasi za kweli.

Mama, usiwaahidi watu mlio wa mwezi. Bastola si yangu, ni ya serikali, na tangu mwana wa mfalme alipopigwa risasi mwaka jana, mlio mmoja wa jioni unaweza kuamsha mji vibaya.

Mwanao,
Asmani


Rumonge, 11 Februari 1962

Asmani mwanangu,

Umechelewa, nimeshaahidi. Tena nimekwenda mwenyewe kwa shefu wa sentre, huyo mkubwa wa mji, nimekaa kwenye benchi yake tangu asubuhi nikiwa na funga yangu, mpaka akachoka kuniona. Alianza na hayo hayo yako, kwamba siku hizi watu wanalala jicho moja wazi. Nikamwambia ndiyo sababu ya kutangaza mapema, ili kila mutu ajue mlio unatoka wapi na ni wa heri. Akaona ni maneno ya akili. Amemwandikia komanda wako, na muhuri ameupiga mbele yangu. Usiniulize tena kama serikali inakubali. Serikali imekubali kwenye benchi yake.

Nimefurahi kwamba barua zangu zinasomwa huko bwenini. Nilijua. Hata mwalimu wetu wa zamani alisema Mwasiti angekuwa mwanaume angekuwa karani. Kwa hiyo hii nayo wasomee: mama wa Asmani anawasalimu wote, na anasema kwenye mashindano hayo msimsumbue mwanawe, maana atawaacha mkitafuta kidole kiko wapi. Na Bata naye ajitahidi, tumemwekea nafasi ya pili.

Batuli ananisumbua kidogo. Amuri hajajibu barua zake. Kila kamyo ya ndagala ikirudi anakuja kusimama mlangoni, ananitazama mikono kama nimeshika karatasi. Nimemwambia kijana ana shughuli. Umwambie aandike hata mistari miwili.

Ushinde. Wengine watakuambia ushindwe kwa adabu. Wewe ushinde.

Mama yako,
Mwasiti binti Radjabu, ambaye serikali inamsikiliza


Usumbura, 24 Februari 1962

Mama,

Shikamoo. Komanda amekubali. Nitakuja siku mbili kwa mwezi wa Idi, nikiwa na bastola moja na risasi moja.

Nakuomba mambo machache, na uyafanye kama nilivyoandika. Pale ufukweni magunia yajazwe mchanga, yapangwe mawili mawili kwenda juu mpaka kimo cha kifua, yaegemee ule ukingo wa udongo. Nitapiga humo. Sitapiga hewani, maana kinachopanda hushuka, wala sitapiga kuelekea ziwani, kwa sababu usiku wa mwezi mchanga ni wa giza, wavuvi wako kazini. Watu wote wawe nyuma yangu.

Mashindano yalikwisha. Usiwaambie watu kwamba nilishinda. Usiwaambie kitu chochote juu yake.

Amuri anamsalimu mama yake. Mkono wake umechoka kidogo, ndiyo maana hajaandika.

Mwanao,
Asmani


Usumbura, 24 Februari 1962

Kaka Abasi, huko Kabonga,

Amahoro. Barua hii isome peke yako, na mama asiione. Wewe ndiye mkubwa wetu, na mimi siwezi kukaa nayo kifuani.

Jumamosi iliyopita ndiyo yalikuwa mashindano. Tulisimama sambamba mimi na Amuri mbele ya tuta, komanda na saa yake, bweni zima nyuma yetu linaimba bata, bata. Risasi tulizopewa zilikuwa za zamani, zilizokaa ghalani kwenye unyevu. Ya pili ya Amuri ilinyamaza. Niliusikia ule mnyamazo wake, nikaacha yangu, nikamwambia, "Soma." Hakusoma. Unajua ana mazoea ya kuhamishia bastola mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kulia, kwa sababu ndio wenye nguvu. Akahamisha, akavuta, risasi ikalia ikiwa nusu ndani nusu nje.

Daktari alijaribu siku nne kuviokoa, kisha akavikata. Vidole viwili vya kulia, kile cha shahada na kinachofuata. Amuri halii. Anautazama ule mkono kama mgeni aliyeketi kwenye kitanda chake. Nikimwambia tumwandikie mama yake anageukia ukuta. Komanda anasema kabla ya Uhuru kila polisi atafanya mtihani wa bastola, na atakayeshindwa anarudi kwao. Hakusema jina. Hakukuwa na haja.

Kaka, ile barua ya mama niliyoiacha isomwe bwenini ndiyo iliyomfanya awe Bata. Alikuwa anafanya mazoezi mpaka viganja vinachubuka, si kwa ajili ya komanda wala saa, ila waache kumwita hivyo. Halafu ikaja ya pili, yenye nafasi ya pili aliyowekewa. Ile sikuisoma kwa mtu, lakini mmoja aliikuta chini ya mto wangu, akawasomea wote. Mama hajui. Anaringa kama anavyopumua, hana ubaya. Nikimwambia, hatapumua tena.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Asmani


Rumonge, 12 Machi 1962

Asmani,

Uliondoka Alhamisi na kamyo ya kwanza, hata pilau hukuonja. Nitakuandikia yale ambayo ungeyasikia kama ungebaki.

Nilifanya yote uliyoagiza. Magunia yalipangwa, watu wakawekwa nyuma. Nilivaa kitenge kipya. Jumatano, jua lilipozama nyuma ya Kongo, mwezi ukaonekana, mwembamba kama ukucha uliokatwa, na ufukwe mzima ukageuka kutazama. Si mwezi waliutazama, ni wewe. Nilisimama mahali ambapo Batuli angeniona vizuri.

Ukafyatua, ikasema tik.

Nikangoja ufanye yale uliyoniandikia, kiganja, vuta, achia. Hukufanya kitu. Ulisimama mkono umenyooka kwenye magunia, midomo inacheza, kama mutu anayemsomea mgonjwa. Kisha yule Kabwe muuza chumvi akasema, "Mwacheni, bastola nayo imefunga." Asmani, walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Mwingine akasema ipewe tende. Nikakuitia uvute haraka, uwaonyeshe. Hata jicho hukunigeuzia. Ulipomaliza kisomo chako ukaifungua polepole, kama mutu anafunua sufuria ya maziwa, risasi ikaanguka, ukakataza mutu yeyote asiiguse mpaka ulipoichukua mwenyewe.

Sasa sikia kilichofuata. Giza liliingia, kila mutu ufukweni anadhani mwenzake atapeleka habari juu, na hakuna aliyepeleka, maana tangu lini habari ya mwezi ikapelekwa kwa miguu? Alhamisi sisi tunaswali Idi, wao kule kwenye michikichi wamefunga. Kufunga siku ya Idi ni haramu, hata mutoto wa chuo cha Kurani anajua. Habari iliwafikia alasiri. Walishuka midomo imekauka, wakamkuta shehe anakula. Wanamtaka awaambie dhambi ni ya nani, na shehe, kwa adabu zake, anatazama upande wa nyumba yangu.

Mwanamke mmoja wa juu, sitamtaja, amekataa kununua mawese yangu. Anasema huenda nayo yatachelewa kuchemka.

Batuli hakucheka. Afadhali angecheka. Alinishika mkono akasema bora kijana mzima. Mimi, Mwasiti, nahurumiwa na Batuli. Niandikie kitu cha kuwaambia watu.

Mama yako, bado mama yako,
Mwasiti


Usumbura, 20 Machi 1962

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa nasoma Alhamdu. Nilipofika mwisho nikaianza tena, kwa sababu mara ya kwanza niliikimbiza. Nilikusikia uliponiita. Niliwasikia wote. Lakini nilikuwa namwona Amuri.

Mama, Amuri hakuchoka mkono. Siku ya mashindano risasi yake ilichelewa, naye hakungoja. Alihamisha bastola kushoto, akavuta kwa kulia, ikapasuka. Amekatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na kimoja ni cha shahada. Ilikuwa kabla ya Idi, na nilipokuja kwako nilikuwa nalijua hilo, nikala futari yako, nikampa Batuli salamu za uongo. Aliponiambia na mimi bora kijana mzima, nilishindwa kukaa. Ndiyo maana pilau niliikimbia.

Sasa yuko kambini, anafagia ofisi. Mtihani wa bastola unakuja kabla ya Uhuru. Nimemwambia mkono wake wa kushoto tayari unajua kuishika, ameushikisha miaka yote bila kujua, na mimi naweza kumfundisha. Anasema nimwache. Komanda atampa kongé arudi nyumbani kupumzika, na naogopa hatatoka huko tena.

Batuli hajui kusoma, na wewe ndiye macho yake. Msomee barua hii kama ilivyo. Mwambie alikuwa na haraka siku ile. Sote tulikuwa na haraka.

Watu wa Rumonge waambie chochote unachotaka.

Mwanao,
Asmani


Rumonge, 8 Aprili 1962

Asmani mwanangu,

Nilikwenda kwa Batuli na barua yako ndani ya kitenge. Alikuwa anaanika ndagala. Akafuta mikono, akakaa, akaweka uso vile anavyouweka nikimsomea, kama mutu anayengoja kupimwa nguo. Nikaanza. Nilipofika kwenye vidole, mdomo ulikataa. Nikasoma kwamba Amuri amekwaruzwa mkono kwenye mazoezi na atakuja kupumzika. Akasema Alhamdulillahi ni mkono, si jicho. Akanipa ndagala wa kuchukua.

Nilirudi siku ya pili nimalize. Akawa na wageni. Siku nyingine akawa anaimba. Mimi ambaye nilimkalia shefu mpaka akapiga muhuri, nimeshindwa na mwanamke anayeimba.

Kwa watu nimekwisha kusema. Nilisimama kwenye bomba la maji nikawaambia mwanangu alingoja kwa sababu iko risasi inayochelewa, na asiyengoja anaumia. Kabwe akauliza nani ameumia. Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Wamesema Mwasiti ameishiwa maneno.

Lakini liko jambo nalirudia kichwani. Umeandika alikuwa na haraka. Amuri ninayemjua mimi hakuwa na haraka hata ya kuzaliwa, mama yake alikaa na uchungu mpaka mkunga akasinzia. Mutu wa namna hiyo hapati haraka peke yake. Wewe na yeye mmekula sahani moja. Nani alimharakisha? Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mama yako,
Mwasiti


Rumonge, 29 Aprili 1962

Asmani,

Kamyo imekuja mara tatu bila barua. Dereva anasema alikuona, u mzima. Basi sikuulizi tena. Nimechukua barua yako ya Januari nikaisoma upya, pale mlipocheka bwenini. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti, kwa wageni.

Mwasiti


Rumonge, 27 Mei 1962

Asmani mwana wa Mwasiti,

Mimi ni Batuli. Anayesema ni mimi, anayeandika ni mama yako. Karatasi nimekuja nayo. Nimemwambia aandike ninachosema, asikipambe wala asikipunguze, kwa sababu mara ya mwisho aliponisomea, barua ilikuwa na mkwaruzo tu ndani yake. Leo nimemtaka anisomee tena, yote. Ameisoma yote.

Amuri alishuka kwenye kamyo Jumatatu, mkono umefungwa kitambaa. Nilimpa chakula, akala kwa kushoto, uso ameugeuzia ukuta. Nikamwambia, "Kula. Mungu aliyeuchukua wa kulia anajua kwamba umebaki na huu." Niliuliza nini kilimpata, akasema chuma kilikuwa kibovu. Nikaacha. Kesho yake nikauliza tena, akasema vile vile. Siku ya tatu sikuuliza, nilikaa tu karibu naye tukichambua ndagala, yeye kwa mkono mmoja, ndipo akasema. Ilisomwa barua bwenini. Watu wakamwita Bata. Kisha ikasomwa nyingine.

Hapa mama yako amesimamisha kalamu. Nimemwambia aendelee.

Huyo bata ni wangu. Ni mimi niliyemwona akisota, na nilicheka na mama yako kwa sababu kicheko kilikuwa cha humu ndani, kati ya wanawake wawili waliozaa mwezi mmoja. Sikujua kwamba kitapanda kamyo.

Mama yako ananiuliza sasa hivi kama nimemsamehe. Nimemwambia hajaniomba, ameniuliza tu. Nimemwambia aandike na hilo.

Wewe nawe uliniletea salamu za mkono kuchoka, ukanitazama usoni. Nimekuwekea hilo, tutalizungumza ukija. Leo sikuandikii kwa ajili ya mama yako wala yako wewe. Amuri anasema harudi kambini. Anasema mtu asiye na kidole cha kufyatulia atamwonyesha nani nini. Anasema hata kushuhudia Mungu kwenye swala hana cha kunyooshea. Nimemwambia Mungu haangalii kidole, na mtihani ni wa bastola, si wa vidole. Tumebishana juma zima. Jana aliuliza kamyo inaondoka lini.

Anapanda Alhamisi. Mpokee mwenyewe, asipokewe na bweni. Mfundishe kwa mkono wa kushoto, na uanze na hizo risasi zako za mti. Komanda akija na saa yake, wewe simama upande wa Amuri. Risasi ikinyamaza, asome Alhamdu. Akiisoma mbio, mrudishe mwanzo. Sijali akimaliza wa mwisho. Sijali wakimwita nini. Nataka arudi na vile vidole nane alivyobaki navyo, na kazi yake.

Na barua zitakazokuja kwake kutoka kwangu zitaandikwa na mama yako, kwa sababu sina mwingine. Ataandika ninachosema.

Batuli, mama wa Amuri
(hiki ni kidole changu gumba)

Asmani, nimeandika yote aliyosema, sikupunguza neno. Nimemwekea chai. Hajainywa, wala hajaondoka.

Mwasiti